Kuitafuta Tabora kwa majina yake mengine

Niliandika "Tabora", nikabonyeza, nikasubiri. Chai ikapoa. Nilikuwa nimekusanya kwenye kompyuta vitabu vya wasafiri wa njia ya misafara, ile ya Bagamoyo hadi Ujiji, na kila sentensi nikaipa mstari wake kwenye kanzidata. Pembeni niliweka orodha ya majina ya watu na mahali. Kila nilipouliza, mashine ilichukua sentensi moja moja na kuilinganisha na kila jina, mwanzo hadi mwisho. Nikiuliza tena kesho, inaanza upya kama vile haijawahi kusoma.

Sisi wasomaji wa vitabu tunaijua dawa yake: faharasa. Mtu mmoja anateseka mara moja, anasoma kitabu kizima na kuandika jina lipi liko ukurasa gani. Wengine tunafungua nyuma na kwenda moja kwa moja. Basi, usiku mmoja nikaiacha kompyuta ilinganishe yote na kujaza jedwali jipya: jina hili, sentensi ile. Jedwali nikaliwekea faharasa kwa jina. Asubuhi jibu lilikuja papo hapo.

Furaha haikudumu. Burton na Speke walifika pale Novemba 1857, lakini kwenye jibu langu Burton hayumo. Kumbe yeye aliuita mji Kazeh. Stanley, mwaka 1871, anasema Tabora, ila mara nyingi anasema Unyanyembe, yaani utemi wenyewe, na nyumba aliyokaa ilikuwa Kwihara, jirani tu. Faharasa yangu ilikuwa imejifunza kukosa kwa haraka.

Nikarudi nyuma. Kila mahali nikapapa namba moja, na majina yake yote nikayaelekeza kwenye namba hiyo. Unyanyembe ilinisumbua, maana utemi si mji; nikaipa namba yake, kisha nikaandika kwamba Tabora na Kwihara zimo ndani yake. Uamuzi huo kompyuta haiwezi kukufanyia. Ni lazima usome.

Watu walikuwa wagumu zaidi. Sidi Mubarak Bombay alitembea na Burton, Speke, Stanley na Cameron. Nilipomtafuta nikaletewa na mji wa India. Susi na Chuma, waliokuwa miongoni mwa walioupeleka mwili wa Livingstone pwani kupitia Unyanyembe mwaka 1873, angalau wanapatikana. Lakini waliobeba pembe za ndovu na vitambaa mabegani, Wanyamwezi kwa maelfu, wengi wameandikwa "wapagazi" tu, au wamebaki idadi. Faharasa ya majina haiwezi kumwona asiye na jina. Na asiyeonekana kwenye faharasa, nani atarudi kumsoma?

Kwa hiyo nikaongeza faharasa nyingine, ya kazi: mpagazi, mpishi, askari, pamoja na mahali na mwaka. Ina gharama yake. Kila sentensi mpya sasa inaandikwa sehemu tatu badala ya moja, na kuingiza kitabu kimoja kunachukua muda mrefu kuliko zamani. Nimekubali.

Jana niliuliza tena Tabora. Jibu lilikuja haraka, na safari hii sikuishia kwa Stanley. Nilisoma wapagazi mpaka usiku.