Alama za vyeo za askari wa Schutztruppe

Alama za vyeo za askari wa Schutztruppe zilikuwa vitambaa vilivyoshonwa kwenye sare za wanajeshi Waafrika wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Jeshi hilo lilikuwa na boma huko Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera wa leo. Mnamo Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Biharamulo ilitekwa na majeshi ya Kongo ya Kibelgiji.

Alama zenyewe zilikuwa mistari myekundu yenye umbo la V kwenye mkono wa kushoto: ombasha alivaa mmoja, shaushi miwili, bashaushi mitatu na soli minne. Efendi, cheo cha juu kabisa kwa Mwafrika, alivaa nyota mabegani. Hata hivyo alibaki chini ya Wajerumani.

Majina ya vyeo hivyo yana asili ya Kituruki. Yaliletwa na askari Wasudani walioandikishwa nchini Misri mwaka 1889. Alama zilitoweka baada ya vita, lakini neno efendi linasikika hadi leo kama "afande" katika jeshi na polisi wa Tanzania.