Dume Mmoja wa Marekani na Ndama Wasiopona

Leo tunaacha kidogo habari za majosho na malisho. Tutazungumza juu ya dume mmoja wa Marekani, aliyekufa zamani sana, ambaye kasoro ya damu yake inapimwa mpaka leo kwa madume wa maziwa.

Dume huyo aliitwa Osborndale Ivanhoe. Alizaliwa mwaka 1952 katika jimbo la Connecticut. Alikuwa wa jamii ya Holstein, yaani wale weupe na weusi ambao sisi tumezoea kuwaita Friesian. Mabinti zake walisifika kwa kimo na kwa maziwa. Nani angelimkataa dume wa namna hiyo?

Hapo kale dume angepanda majike wa jirani tu, basi. Lakini wakati wa Ivanhoe, wafugaji wa Marekani walikuwa wamekwisha kushika uhimilishaji, yaani kupandisha jike kwa mbegu zilizokusanywa, bila kumleta dume mwenyewe. Mbegu za mara moja hugawanywa zikatosha majike wengi, na zikigandishwa huvuka bahari. Basi Ivanhoe akazaa ndama wengi mno. Mwanawe, Penstate Ivanhoe Star, alizaliwa mwaka 1963, na mjukuu, Carlin-M Ivanhoe Bell, mwaka 1974. Huyu Bell ndiye aliyevuma kupita wote. Mbegu zake zilinunuliwa mpaka Ulaya na Japani.

Sasa tuje kwenye zizi la ndama. Walikuwa wakizaliwa ndama wa Holstein ambao hawapati nafuu. Ndama anaugua mapafu, anachomwa sindano, anainuka. Wiki mbili baadaye anaharisha. Mdomoni ana vidonda, ufizi umevimba, meno yanalegea. Akipata jeraha dogo haliponi. Hakui. Wengi walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka 1983 madaktari wa mifugo wa Marekani waliandika habari za mtamba mmoja wa namna hiyo. Jambo la ajabu ni kwamba ndama hawa, wakipimwa damu, hukutwa na chembe nyeupe nyingi kupita kiasi. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Je, askari wakiwa wengi hivyo, mbona ndama anakufa kwa vijidudu vya kawaida?

Sababu ni hii. Askari hao husafiri ndani ya mishipa ya damu. Panapoingia vijidudu, chembe nyeupe hushika ukuta wa mshipa, hupenya, hutoka nje kwenda kupigana. Ili ishike ukuta inahitaji kitu kama kulabu. Ndama hawa hawana kulabu hiyo. Askari wanapita tu na damu, wanazunguka, na huku nyama inaoza.

Mwaka 1992 Dale Shuster, Marcus Kehrli na wenzao, katika mji wa Ames, jimbo la Iowa, walieleza chanzo chake: badiliko moja dogo sana katika chembe ya urithi inayotengeneza kulabu ile. Walipopima ng'ombe wa Marekani, kiasi cha madume 15 katika kila 100, na majike 6 katika kila 100, walikuwa wanabeba kasoro hiyo. Na wote waliokutwa nayo walikuwa ukoo wa Ivanhoe.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Anayebeba haumwi. Kila ndama hupewa fungu moja na baba na fungu moja na mama, na fungu moja zima linatosha kumlinda. Ataugua tu akipewa fungu bovu pande zote mbili. Wabebaji wawili wakipandana, kwa wastani ndama mmoja katika wanne ataugua. Kwa hesabu zile za Marekani, kama kupandisha kulikwenda kwa bahati tu, wangeugua ndama kama 2 katika 1,000. Ndiyo maana miaka karibu 40 ilipita kabla chanzo hakijajulikana. Mfugaji akipoteza ndama mmoja kwa mapafu atasema ni baridi.

Wamarekani hawakuchinja ukoo mzima, na kwa maoni yangu walifanya vyema. Walipima madume, wakaacha kutumia wabebaji, wakaendelea na wale safi wa damu ile ile. Katika vitabu vyao vya ukoo dume anayebeba huandikwa BL, aliyepimwa akakutwa safi huandikwa TL.

Kwetu sisi, ng'ombe wa asili asiye na damu ya Friesian hana kasoro hii. Ndama chotara wa kwanza hawezi kuugua ugonjwa huu, ila anaweza kuubeba. Hatari huanza chotara huyo anapopandishwa tena na damu ya ukoo ule ule. Na dume wa kijiji, ambaye hana cheti chochote, akikaa miaka mitatu minne atawapanda binti zake mwenyewe. Kasoro yoyote aliyonayo, si hii tu, itakutana na nduguye. Kwa hiyo mhimilishaji akija, mwulize jina na namba ya dume, uandike kwenye daftari pamoja na jina la jike na tarehe. Dume wa kijiji abadilishwe kabla binti zake hawajafikia kupandwa.

Lakini ndama wako akiugua kesho, usikimbilie kumlaumu Ivanhoe. Uliza kwanza kama alinyonya dang'a siku ile ile aliyozaliwa, kama banda ni kavu, kama ana kupe. Wengi tunawapoteza hapo.