Badiliko Limeangukia Wapi?

Jengo la mikutano la AICC, Arusha, lilijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika mwaka 1977. Miaka ya baadaye likapata wapangaji wengine. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilihamia humo baada ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuamua, Februari 1995, kwamba makao yake yawe Arusha. Sekretarieti ya Jumuiya mpya, iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa saini mjini humo tarehe 30 Novemba 1999, nayo ilikaa hapo hadi ilipopata jengo lake mwaka 2012. Historia ya taasisi hizo imeandikwa sana kwa upande wa siasa na wa haki. Upande wa ukarani, yaani jinsi maandishi yao yalivyokuwa yakirekebishwa, haujaangaliwa sana, na hapo ndipo wenye programu za kompyuta wangepata la kujifunza. Hoja yangu ni kwamba waandishi wa sheria walijua zamani jambo ambalo programu za kulinganisha matoleo bado zinalibahatisha: taarifa ya badiliko isiyotaja kwa jina mahali badiliko lilipoangukia ni taarifa nusu.

Chukua Kanuni za Mwenendo na Ushahidi za mahakama ile ya Rwanda. Zilipitishwa Juni 1995, kisha zikarekebishwa mara kwa mara. Majaji walipotaka kanuni mpya ikae baada ya ya 11, hawakuipa namba 12 na kuzisukuma nyingine zote mbele. Waliiita 11 bis, neno la Kilatini la kuonyesha kitu cha pili. Ndivyo zilivyopatikana 92 bis na 98 bis. Machoni pa mgeni huu ni urembo wa kizamani, lakini una sababu. Kufikia hapo kulikuwa na maombi, maamuzi na hoja za mawakili zilizokwisha kutaja kanuni hizi kwa namba. Ukizihamisha namba, kila nukuu ya zamani inageuka kuwa uongo bila mtu kugusa hata herufi moja ndani yake. Wala 11 bis haikuwa kanuni ya pembeni. Kesi zilipelekwa mahakama za nchi kwa njia hiyo, na mwaka 2011 ndiyo iliyofungua mlango wa kuipeleka Rwanda kesi ya kwanza. Mkataba wa Jumuiya nao ulifuata desturi hiyohiyo: haki ya rufaa ilipoongezwa iliwekwa katika Ibara ya 35A, na Ibara ya 36 ikabaki ya 36.

Sasa tuwaangalie wa kompyuta. Programu ya diff ilizaliwa Bell Labs, Marekani, katika miaka ya 1970, mikononi mwa Douglas McIlroy na James Hunt. Kazi yake ni kulinganisha mafaili mawili na kutoa mistari iliyotofautiana. Ilitaja mahali kwa namba ya mstari tu, na namba ya mstari haina uaminifu: ongeza mistari miwili juu, na kila kilicho chini kimehama. Mpaka leo, katika Git, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kila fungu la mabadiliko linafunguliwa na alama kama @@ -120,7 +122,9 @@, maana yake mistari 7 kuanzia wa 120 katika faili la zamani imekuwa mistari 9 kuanzia wa 122 katika jipya. Msomaji anayekagua kazi ya mwenzake haambiwi lolote na namba hizo. Anachotaka kujua ni iwapo kilichoguswa ni fanksheni ya kukokotoa kodi au ile ya kuchapa risiti. Ndiyo maana diff ya GNU ilipewa uwezo wa kuandika jina la fanksheni baada ya alama hizo, na Git nayo ikafanya hivyo.

Ila jina hilo ni la kukisia. Kwa kawaida Git huanzia juu ya fungu, ikarudi nyuma mstari kwa mstari hadi ipate ulioanza pembeni kabisa kwa herufi, kistari cha chini au alama ya dola, na huo ndio inaouchukua kuwa kichwa. Kwa lugha ya C mbinu hii inatosha mara nyingi, kwa kuwa fanksheni zake huanzia ukingoni. Kwa Python, fanksheni zilizo ndani ya klasi zimeingizwa ndani kwa nafasi, kwa hiyo unaonyeshwa jina la klasi peke yake, hata kama ina fanksheni 40. Dawa ipo. Git imebeba mifumo ya utambuzi ya lugha nyingi, na timu inaweza kutangaza katika faili la .gitattributes kwamba mafaili ya .py ni ya Python. Linabaki kosa jingine ambalo tangazo hilo haliliponyi. Fungu hubeba mistari mitatu ya muktadha juu ya badiliko. Ukibadilisha mstari wa kwanza ndani ya fanksheni, kichwa chake kinaangukia ndani ya fungu lenyewe, na jina linaloandikwa juu ni la fanksheni iliyotangulia. Karani wa sheria akiandika Ibara ya 25 pale iliporekebishwa ya 26, atarudishiwa karatasi yake siku hiyohiyo.

Atakayepinga atasema kwamba jina hilo ni pambo: kompyuta inapopachika mabadiliko haisomi kabisa maneno yaliyo baada ya alama za pili za @@. Ni kweli. Lakini fungu la mabadiliko lina wasomaji wawili, mashine na mkaguzi, na anayeidhinisha ni mkaguzi. Yaliyotokea Arusha mwishoni mwa 2006 yanaonyesha uzito wa hilo. Tarehe 27 Novemba, Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia kwa muda wabunge waliopendekezwa na Kenya wasiingie katika Bunge la Jumuiya. Siku tatu baadaye wakuu wa nchi wakaelekeza mkataba urekebishwe, na tarehe 14 Desemba marekebisho yakapitishwa. Mahakama iligawanywa kuwa divisheni mbili, ya awali na ya rufaa. Ibara ya 26 ikaongezewa sababu za kumsimamisha au kumwondoa jaji, ikiwemo kuondolewa kwake katika wadhifa alionao nchini mwake. Ibara ya 30 ikampa mkazi miezi miwili tu ya kufungua shauri. Kwa kutazama majina ya ibara peke yake, mtu yeyote mwenye macho aliona marekebisho yamelenga wapi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na kesi hiyohiyo ndiyo inayolileta. Ibara zilitajwa sawasawa, na bado mambo yalikwenda kombo. Ibara ya 150 inamtaka Katibu Mkuu azifikishie nchi wanachama pendekezo la marekebisho ndani ya siku 30, na inazipa siku 90 za kutoa maoni. Safari hii kila kitu kilikwisha katika wiki mbili. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kilishtaki, na Septemba 2008 mahakama ikasema kuwa kuwanyima wananchi nafasi ya kushiriki kulikiuka mkataba, ingawa haikuyafuta marekebisho yenyewe. Nalikubali pingamizi hili kwa kiasi chake: kutaja mahali hakuwezi kufidia muda wa kusoma. Lakini muda ukiwa mfupi, thamani ya jina sahihi inapanda. Mkaguzi mwenye nusu saa na mafungu 60 mbele yake hufungua yale ambayo vichwa vyake vimemshtua, na kichwa kilichotaja fanksheni isiyohusika kinampitisha pembeni ya hatari akiwa na imani kamili.

Wako pia wanaoona kwamba nakala safi ya toleo jipya inatosha, asome anayetaka. Nakala ya mkataba inayosambazwa leo ni ya namna hiyo: inataja kuwa imerekebishwa tarehe 14 Desemba 2006 na 20 Agosti 2007, na maneno mapya yameunganishwa na ya zamani. Herufi A ya 35A inamwambia msomaji kwamba hapo pameongezwa kitu. Ibara ya 26 haina alama kama hiyo katika namba yake, na anayetaka kujua jaji alilindwaje kabla ya Desemba ile hana budi kuitafuta nakala ya 1999 na kuzilinganisha mwenyewe, aya kwa aya.