Mabruda, Watu wa Msumeno na Mwiko

Huku kwetu Gitting, wilayani Hanang, ukimtaja mmisionari kila mtu humwona padre na kanzu yake. Bruda hatajwi. Nami naona hapo historia imetupunja.

Bruda ni mtawa mwenye nadhiri kama watawa wenzake, ila hana upadre. Hasomi misa wala haungamishi watu. Yake ni kazi ya mikono, na misheni iliyo mbali na duka la misumari haikusimama bila mikono hiyo.

Tarehe 17 Februari 1879 Padre Lourdel alipotia mguu Kigungu, Uganda, aliyekuwa naye mtumbwini alikuwa Bruda Amans. Wenzao watatu walibaki Kageye, kusini ya ziwa, wakingoja jibu la Kabaka Mutesa. Lourdel akaitwa Mapeera, jina linalojulikana mbali. Ni wangapi kati yetu wamsikiao Amans?

Wabenediktini walifika Dar es Salaam mwaka 1888, wengi wao wakiwa mabruda, wakaanzisha misheni ya Pugu: kufyeka pori, kujenga, kulima. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, Pugu ikavamiwa. Waliouawa ni Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing. Sisemi wavamizi hawakuwa na sababu. Mjerumani alikuja kutawala, na mwananchi angetofautishaje msalaba na bunduki vilivyoshuka pwani pamoja? Mwaka 1905, katika Maji Maji, aliuawa Askofu Cassian Spiss. Huyo twamkumbuka. Kando yake waliuawa pia masista wawili na mabruda wawili, Gabriel Sonntag na Andreas Scholzen.

Peramiho ilianza 1898, Ndanda 1906. Huko bruda alikuwa seremala, mwashi, mhunzi, mshona viatu, mpiga chapa, tena mwalimu wa vijana waliotoka na ufundi uliowalisha maisha yao yote. Baadhi ya vijana hao, nadhani, walimfahamu bruda kuliko padre, maana walishinda naye karakanani.

Lakini hata bruda ana nafuu: jina lake liliandikwa. Waliokanyaga udongo wa matofali, wakabeba magogo begani na kuchochea tanuru usiku kucha, majina yao mengi yamo vinywani mwa watoto na wajukuu tu. Wazee wa Songea na Masasi waulizwe wangali hai.