Njumu za Bidar

Fahari ya wafalme hupimwa na watu wengi kwa dhahabu na vito. Kipimo hicho si cha uongo, lakini ni kifupi. Katika majumba ya watawala wa Dekani, uwanda wa juu wa kusini ya Bara Hindi, chombo kilichowekwa mbele ya mgeni mtukufu huenda kilikuwa cha zinki, madini hafifu, kilichotiwa weusi na kupambwa kwa njumu za fedha. Kwa nini watu waliokuwa na uwezo wa kutumia fedha tupu waliyatukuza madini duni?

Sanaa hiyo huitwa kwa jina la mji wa Bidar, uliofanywa makao makuu na Ahmad Shah wa ukoo wa Bahmani katika karne ya 15. Mapokeo husema kuwa ilianza zama hizo kwa mafundi waliotoka Uajemi. Lakini vyombo vikongwe vilivyosalia, ambavyo tarehe zake zaweza kutegemewa, ni vya karne ya 17. Mapokeo si ushahidi, wala si haki kuyatupa. Uajemi na Iraki zilijua zamani kutia njumu za fedha katika shaba. Jambo jipya la Bidar lilikuwa zinki, na zinki ilikuwa elimu ya Wahindi. Madini hayo hugeuka mvuke kwa joto la nyuzi 907, yakapotea hewani. Mafundi wa Zawar, katika nchi ya Rajasthan, waliweza kuupoza mvuke huo na kuukusanya karne nyingi kabla ya William Champion kupewa hati ya njia yake Uingereza mwaka 1738. Basi sanaa ya Bidar ni mtoto wa wazazi wawili, na kumnyima mmoja haki yake ni kuipotosha historia.

Kazi yenyewe hutaka subira. Zinki huchanganywa na shaba kidogo, ikasubiwa katika kalibu ya mchanga, kisha ikalainishwa kwa tupa. Chombo hupakwa maji ya mrututu kikawa cheusi kwa muda, ili michoro ionekane. Fundi huchora maua na majani kwa mkono, akachimba mifereji myembamba, na kugongomea humo nyuzi au mabamba ya fedha kwa nyundo. Mwisho huchukuliwa udongo kutoka sehemu za kale za ngome ya Bidar, wenye shura, ukachanganywa na nushadiri na maji, ukasuguliwa juu ya chombo kilichopata moto kidogo. Zinki yenye shaba hugeuka nyeusi tititi. Fedha hubaki nyeupe. Mafuta huongeza mng'ao.

Vyombo hivyo vilikuwa na kazi barazani. Mnamo mwaka 1604, Asad Beg, mjumbe wa Akbar, alirudi kutoka Bijapur na tumbaku pamoja na kiko cha thamani. Tabibu wa mfalme alionya, lakini wakuu waliipenda. Hata Jahangir alipoikataza mwaka 1617, haikukoma. Kiko cha maji kikawa alama ya daraja, na mafundi wa Bidar wakatengeneza chombo chake cha maji. Katika karne ya 17 kilikuwa cha mviringo kama tufe, kikikalishwa juu ya pete. Katika karne iliyofuata kilipata umbo la kengele, lenye kitako kipana kisichopinduka upesi. Palikuwa pia na birika na tasa za kunawia mikono, vijaluba vya tambuu, vyombo vya kutemea mate, na vizito vya kukandamiza pembe za mazulia. Tambuu ilikuwa heshima: mgeni aliyepewa na mtawala alijua kuwa ametukuzwa, na pengine kuwa ameruhusiwa kuondoka.

Jawabu la swali la mwanzo limo katika kazi hiyo. Chombo cha fedha tupu ni hazina. Siku ya dhiki huyeyushwa kikawa sarafu, na thamani yake haipungui sana. Chombo cha Bidar kikiyeyushwa, karibu thamani yote hutoweka, kwa kuwa ilikuwa ya mkono, si ya madini. Aliyekiweka mbele ya mgeni alionyesha kwamba alikuwa na watu wenye ujuzi. Hata hivyo, majina ya watu hao hayakuandikwa ila kwa nadra sana. Wafalme wanahesabiwa ukoo baada ya ukoo. Waliowapa fahari hiyo hawajulikani.

Mwaka 1851 kazi za Bidar zilionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mataifa. Mwaka 1948 utawala wa Nizam wa Hyderabad, mlezi wa mwisho mkuu wa sanaa hiyo, ulikoma, na baraza zilizohitaji vyombo hivyo zikatoweka. Lakini nyundo za Bidar hazikunyamaza, na mwaka 2006 jina la kazi hiyo lilipewa hifadhi ya sheria nchini India. Wenye enzi wamekwenda. Wasio na majina wamerithisha ujuzi wao. Mwanahistoria anayeanza na orodha ya wafalme na kuishia hapo ameiona fedha, hakuuona weusi unaoifanya ionekane.