Jua Lililodhaniwa Kuwa Mwezi

Leo tutazungumza juu ya picha moja ya bahari iliyopigwa Ufaransa mwaka 1856. Aliyeipiga ni Bwana Gustave Le Gray.

Picha yenyewe ni hii: mawingu mazito, bahari nyeusi, na njia ya mwanga mweupe juu ya maji. Hapo pana merikebu ya milingoti miwili. Ilipoonyeshwa London mwaka ule ule ilisifiwa sana, na watu wengi wakaamini kwamba ilipigwa usiku wa mbalamwezi.

Je, wewe ungeamini? Ngoja kwanza ufikiri. Mwanga wa mwezi mpevu ni hafifu kuliko wa jua zaidi ya mara 300,000. Siku zile mpiga picha alipaka kioo dawa, akakitia katika kamera kingali kimelowa, na dawa ile ilitaka mwanga mwingi. Kama Le Gray angeungojea mwezi uiandike picha, mawimbi mengi yangekwisha kupita, na bahari yote ingeonekana kama ukungu. Lakini katika picha hii mawimbi yanaonekana vizuri, na merikebu imetulia. Basi ule si mwezi. Ni jua, nyuma ya mawingu.

Le Gray alielekeza kamera upande wa jua lenyewe, akaifungua kwa kitambo kidogo tu. Mwanga uliong'aa majini ukatosha kuandika. Merikebu haikupata mwanga wa kutosha, ikabaki nyeusi. Tena picha za siku zile hazikuwa na rangi, kwa hiyo hapakuwa na buluu ya mbingu ya kumwonya mtu kuwa ni mchana.

Wako watakaosema alidanganya, maana wakati ule picha ya kamera ilihesabiwa kuwa shahidi asiyesema uongo. Mimi sioni hivyo. Hakuchora mwezi, macho ya watazamaji ndiyo yaliyouongeza.

Sifa hazikumtajirisha. Mwaka 1860 aliondoka Paris, na mwisho akakaa Cairo, akifundisha kuchora, hata akafa mwaka 1884.

Baadaye watu wa sinema nao walipiga mchana mambo ya usiku. Wafaransa huuita usiku huo “usiku wa Kimarekani”. Ukitazama sinema ya zamani yenye wapanda farasi wa usiku, angalia chini ya farasi: huenda ukaona kivuli kikali cha jua.