Usukani Ulitoka Baharini

Mtu wa Arusha akisema kwamba fulani ameshika usukani wa chama, hafikirii jahazi. Anaona gari, dereva na barabara. Hata hivyo neno usukani lilianza kazi yake baharini. Lilitufikia kutoka Kiarabu kwa njia ya pwani, likakaa nyuma ya chombo, kwenye tezi, mikononi mwa mtu aliyekipitisha chombo kati ya upepo na miamba. Magari yalipoenea bara, hakuna kamati iliyokaa kuamua. Watu waliona duara linaloshikwa kwa mikono miwili ili kuelekeza safari, wakalipa jina walilokuwa nalo tayari.

Kwa miaka zaidi ya thelathini nilitumia neno hilo darasani kuwafundisha wanafunzi jinsi maana inavyohama. Sasa nimestaafu, naishi Terrat, kusini mwa Jiji la Arusha, na neno hilo limenirudia kwa sababu nyingine.

Usiku mmoja wa masika dada yangu mkubwa alishikwa na ugonjwa wa ghafla. Mdomo ulipinda, mkono wa kushoto ukalegea. Mpwa wangu akawasha gari lake, mojawapo ya yale yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu, tukaondoka kuelekea mjini. Hatukufika mbali. Taa ya njano iliwaka mbele ya dereva, injini ikazima, na sauti ya mwanamke ikatuambia jambo kwa Kijapani. Ilikuwa sauti ya upole sana. Mpwa wangu akanigeukia: "Mjomba, linasemaje?" Mimi niliyefundisha lugha maisha yangu yote sikuwa na jibu. Tulifungua boneti, tukamulika kwa simu, tukaona mfuniko mweusi wa plastiki usio na pa kushika.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwenye Land Rover 109 iliyokuwa ikirudi na madumu matupu ya maziwa. Tulimwamkia, akaitikia huku akishusha madumu ili dada apate mahali pa kulala. Gari lile lilinguruma, likatikisika, likanuka mafuta, lakini lilifika. Dada yu hai hadi leo, ingawa mkono wake haukurudi kuwa kama zamani. Siwezi kuapa kwamba saa ile ya kusimama njiani ndiyo iliyouchukua. Siwezi pia kuacha kuifikiria.

Siku ya pili kijana mwenye mashine ya kupimia alikuja, akachomeka waya, akasoma kwenye kioo herufi moja na tarakimu nne. Alibadilisha kitu kidogo kama kidole gumba. Nilimuuliza kinaitwaje. Akasema, "Ni kidude tu, mzee. Mashine ndiyo inakijua." Kidude ni neno la mtu asiyekuwa na jina la kitu. Ndipo nilipoanza kuandika habari hizi.

Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza alikusudia gari la shambani, litakalolima, litakalobeba na kuvuka tope. Chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Dhiki ikazaa neema: bodi ya aina hiyo haikuliwa na kutu kama mabati. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 lilikuwapo gari refu lenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwetu kipimo hicho kikawa jina kamili. Mtu husema "nimepanda 109", naye msikilizaji haulizi inchi wala futi.

Mji wetu ulilipokea gari hili kwa sababu za wazi. Hapa ndipo safari za Serengeti na Ngorongoro zilipoanzia, na hapa ndipo mabwana shamba, wamisionari, askari wa wanyamapori na madaktari wa mifugo walipojaza mafuta kabla ya kushuka nyika za Umasaini. Wageni walipopata magari mapya, yale ya zamani yalibaki na wenyeji, yakawa basi la kijiji, gari la maziwa, la mahindi na la wagonjwa. Mwaka 1971 kiwanda cha General Tyre kilianza kutengeneza matairi hapahapa Arusha. Hivyo mtoto wa mji huu aliweza kuliona tairi likizaliwa, likitumika, likipata pancha, likizibwa, na mwishowe likikatwa kuwa kandambili za Kimasai. Hakuna hatua ya uhai wake iliyofichwa.

Enzi hiyo magari hayakuleta maneno tu, yaliyapeleka pia nje. Mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yaliifanya safari kuwa neno la wapenda magari duniani kote, na redio zetu zilitangaza ushindi wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliyeshinda na Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Marekani, Hatari!, iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini mwetu, pamoja na Momella chini ya Mlima Meru. Jina lake ni Kiswahili kitupu.

Lakini hazina kubwa ilikuwa chini ya miti, kwenye gereji zisizo na kuta. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, vipuri vilikuwa adimu na mafuta yakitafutwa kwa tochi. Gari la zamani halikutupwa; lilifunguliwa, likatazamwa, likatengenezwa. Kila kilichofunguliwa kilihitaji jina ili fundi amwambie msaidizi wake "nipe hiki" bila kugeuka. Ndivyo tulivyopata spana, jeki, klachi, gia, breki, plagi, kabureta, rejeta, springi, difu na shokomzoba. Asili ya mengi ni Kiingereza, lakini tazama yalivyofinyangwa. Shokomzoba limepita kwenye ulimi wa watu waliokuwa na grisi mikononi. Hakuna ofisi ingelizaa hivyo.

Pamoja na majina yakaja maelezo ya mwili. Gari linakohoa, linakula oili, linakunywa maji. Injini inagonga. Betri imelala. Fundi aliinamisha sikio kama mganga anayesikiliza kifua, kisha akataja ugonjwa kwa maneno ambayo mwenye gari, utingo na mama aliyekaa juu ya gunia waliyaelewa sawasawa. Hilo ndilo lililokosekana usiku ule wa masika. Gari letu lilijua lilivyougua, likasema, nasi hatukuwa watu liliokusudia kuwaambia.

Maneno hayo hayakubaki gereji. Rejeta ikikosa maji, gari huchemsha. Leo mtu akishindwa jambo mbele za watu, tunasema amechemsha. Mwanasiasa akigeuza msimamo ghafla, amebadili gia angani. Mwenye haraka anakanyaga mafuta. Mpango uliokwama umepata pancha. Asiyejua kushika usukani husema haya yote bila kuombwa leseni.

Naomba nisieleweke vibaya. Magari ya zamani hayakuwa malaika. Hayakuwa na mikanda, yalitoa moshi mweusi, na breki zake zilihitaji mguu wenye imani. Watu walijazwa ndani kama mahindi guniani, na ajali zake ziliwaua wengi ambao gari la kisasa lingewaacha hai. Wengi wa mama zetu hawakulipanda kabisa. Walikwenda kwa miguu na mzigo kichwani huku likiwapita na vumbi lake. Anayelilia enzi hiyo nzima nzima hajawauliza hao.

Wala sisemi kwamba vyombo vipya havikutupa maneno. Simu ya mkononi imetupa kubipu, salio na vocha. "Mteja hapatikani" imekuwa namna ya kumsema rafiki anayekwepa deni. Katika sensa ya mwaka 2022 makarani walibeba vishikwambi, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Kishikwambi ni neno lenye sura ya Kibantu, linatamkika vizuri, nami nalipenda. Lakini muulize mwalimu anayekibeba: ndani yake mna nini? Tuna jina la nyumba, hatuna jina la chumba hata kimoja.

Hapo ndipo ilipo hofu yangu, na si kwa sababu kitu ni kipya. Kilichofungwa hubaki na jina la aliyekifunga. Tunachokifungua tunakipa jina letu. Ushahidi wake niliupata soko la Kilombero, mjini, nilipopeleka simu iliyogoma kuingiza umeme. Kijana wa umri wa mjukuu wangu aliifungua kwa bisibisi ndogo kuliko sindano ya kushonea, akachungulia, akasema, "Babu, mdomo wa chaji umekufa." Mdomo wa chaji! Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini. Simu ile ilikuwa na mdomo, na mdomo ukafa, kama vile Land Rover ilivyokohoa na kulala. Kijana yule hakuwa amesoma istilahi popote. Alikuwa amefungua tu.

Basi kwa wanaounda vifaa na wanaotunga sheria za biashara yake, ombi langu ni dogo: visifungwe mbele ya wanaovitumia, na vinaposema, viseme lugha ya aliyemo ndani. Kwa wenzangu wa ushairi ombi ni kubwa zaidi. Majahazi yamepungua, lakini tanga, mlingoti, foromali na demani havikuzama, kwa kuwa washairi na wahenga waliviweka mahali pakavu. Mtu wa bara ambaye hajawahi kuona ngama bado husema "aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani", na anajua anachosema. Je, nani ameiweka kabureta mahali pakavu?

Wakati unakwenda. Tarehe 29 Januari 2016 gari la mwisho la ukoo ule wa Land Rover lilitoka kiwandani Solihull. Oktoba 2024 mji wetu uliandaa tamasha la Land Rover, kwa nia ya kuvunja rekodi ya msafara iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Mamia ya magari yalipita, mengine yakiwa na umri kuliko madereva wake. Nilisimama kando ya barabara na dada yangu, ameketi kwenye kiti, mkono wake wa kulia ukiushika wa kushoto. Watu walipiga picha kwa simu. Sikusikia aliyetaja jina la kipuri hata kimoja. Nilirudi nyumbani nikaandika ubeti huu, na nauacha hapa uongezwe na wenye kalamu nzuri kuliko yangu:

Usukani wa jahazi, sasa hushikwa garini,
Fundi aijua kazi, huifungua injini,
Jina halina mzazi, lisotoka mkononi,
Kisichofunguka wazi, kitaitwaje nyumbani?

Yule mzee wa 109 bado hupita Terrat asubuhi na madumu yake. Juzi alisimama mlangoni kumjulia hali dada. Nilimwomba anifungulie boneti, nikachukua daftari, naye akaanza kunitajia kimoja baada ya kingine, tangu feni ya mbele hadi difu ya nyuma. Tulifika maneno sitini na matatu, kisha maziwa yakamwita. Ameahidi kurudi Jumapili.